Mama Ana Mimi

Siku chifu alipoitisha baraza la kuchagua wazee watakaopewa pesa za serikali kila mwezi, mama alivaa viatu vyake vya kanisani. Kitambulisho alikifunga kwenye kitambaa. Tulitembea pamoja kutoka kwetu Ngoingwa. Mimi nilikuwa nimeomba ruhusa kazini Ruiru, kwenye kiwanda cha mablanketi. Ilikuwa kazi ya kudumu, si kibarua, na sikumwacha mtu asahau hilo.

Mzee wa mtaa alikuwa anasoma jina, kisha majirani wanasema kama mwenye jina anastahili au ana wa kumsaidia. Jina la mama lilipofika, majirani wote walinyamaza. Walimfaa kwa kunyamaza huko, maana asiyepingwa alipita. Mimi, mjinga, nikasimama.

"Mama ana mimi," nikasema. "Hizo apewe asiye na mtu."

Nikapigiwa makofi. Mzee akakata jina. Mama alifungua kitambaa, akakitazama kitambulisho, akakifunga tena. Njiani alizungumzia mvua tu.

Nilimtunza, sikatai. Unga, stima na dawa ya presha havikukosekana. Lakini akitaka kitu kingine ilibidi anipigie simu, aulize habari za kazi, za watoto, halafu sauti ishuke: "Baba, uko na pesa kidogo hapo?" Huniita baba kwa kuwa nina jina la babake. Nami kila mara nilimjibu, "Za nini, mama?" Sikuwa na nia mbaya, nilitaka tu kujua. Polepole akaacha kuomba. Akaacha pia kwenda kwa mikutano ya akina mama wa kanisa, ambako hakuna aendaye mikono mitupu. Alisema magoti yanamsumbua. Nikamnunulia dawa ya magoti.

Mwaka jana kiwanda kilitupunguza. Nilirudi kwa chifu kichwa chini. Karani akaniambia orodha imefungwa, tena mama ameandikwa kuwa ana kijana aliyeajiriwa.

Nilimwomba msamaha jikoni, akichambua maharagwe. Nilimwambia ninajuta, kwamba siku ile nilidhani ninampa heshima.

"Najua," akasema, bila kuacha kuchambua. "Na ulinilisha vizuri, baba. Lakini serikali haingeniuliza za nini."