Ng'ombe wa Bure Ameugua

Juzi nilikuwa kwa duka la dawa za mifugo hapa Mukurweini. Mbele yangu mama mmoja alikuwa akimnunulia ng'ombe wake dawa ya kiwele kilichovimba. Akatoa simu alipe, kidole kikabaki hewani.

"Huyu pia ni mgonjwa, shosho," akaniambia mimi bibi kizee.

Nikachungulia. Ng'ombe wa mchezo wa simu alikuwa akitoa machozi, na chini pameandikwa: lipa sasa, asife.

"Ulimnunua?"

"Nilipewa bure akiwa ndama. Nimemlea mpaka akazaa."

"Basi akupe maziwa ya chai."

Hakucheka. "Niko na pesa ya mmoja tu. Wa nyumbani si atangoja kesho?"

"Kiwele hakingoji, mama," muuzaji akasema. "Kesho kitakuwa kimeharibika."

Mama akabonyeza. Ng'ombe wa simu akarukaruka. Muuzaji akarudisha dawa kwa rafu polepole, kama anayetaka kuitwa.

Kwetu mtu akikupa ndama, hurudi kuona kama anakula. Mwenye mchezo alingoja ndama apendwe kwanza, ndipo akamletea ugonjwa, na dawa anauza yeye peke yake.

Mimi namhofia yule wa nyumbani. Yeye hajui kuandika lipa sasa.