Kuku Aliyepona kwa Siku Sita

Yule kuku alivunjwa mguu mbele ya macho yetu. Siku ya sita akawa anakimbia uani kama hajawahi kuguswa.

Kijiji kizima kikaja kuangalia. Hata wapita njia wa kutoka Mvumi walisimama. Watu wanashangaa, wanawake wanapiga vigelegele.

Mimi peke yangu nilikuwa natokwa jasho.

Naitwa Filipo. Shule ya misheni niliiacha mapema, mimi sikai kitako. Nitasema ilivyokuwa. Mkitaka kunitukana, nitukaneni tu.

Kaka yangu Kefa alikuwa tarishi wa boma la Mjerumani. Anabeba mfuko wa barua mpaka Kibakwe, milima yote ile, anageuza. Hakuna aliyemfikia kwa miguu. Na miguu hiyo ndiyo ilikuwa inatulisha, maana mvua ilitukatalia mwaka wa pili mfululizo.

Siku moja akateleza korongoni. Akaletwa kwenye machela. Mfupa umevunjika chini kidogo ya goti, goti lenyewe limevimba kama kibuyu.

Baba akamwita Bibi Kuluthumu, mama wa Kirangi kutoka Kondoa. Mtu akivunjika, anatafutwa yeye.

Hakupoteza muda.

"Mshikeni mabega."

Akauvuta mguu. Kefa akalia kama ndama. Bibi akampaka dawa, akamfunga magango, vile vijiti vya kuzuia mfupa usicheze, akakaza kwa kamba za magome.

Halafu akaomba kuku. Akamvunja mguu, paa! Akampaka dawa ileile, akamfunga vijiti vilevile, akamlaza ubavuni kwa Kefa.

"Hawa wanaumwa pamoja," akasema. "Siku kuku akikanyaga, niiteni. Nakwenda Makutupora, kuna mgonjwa mwingine. Magango nafungua mimi. Mtu asiguse."

Akanigeukia.

"Na wewe usiyetulia, kazi yako kumlisha kuku."

"Sawa, bibi."

Siku ya pili nikamla.

Ndiyo, nilimla. Nyumbani tulikuwa tunakula mlenda mtupu, uwele uliobaki unapimwa kwa kiganja. Halafu mimi niuchukue uwele huohuo nimpe kuku! Mchana wenzangu wote wakaenda kisimani, Kefa amelala fofofo kwa dawa ya kunywa aliyoachiwa na bibi. Nikambeba kuku mpaka porini, nikawasha moto. Ule mguu uliovunjwa ndio nilioanza kuutafuna.

Akili ilinirudi nikiwa nalamba vidole.

Nikakimbia kwa shangazi Zipora, nikaiba kuku wa madoadoa kama yule. Nikamshika mguu nimvunje. Nikasikia moyo wake unadunda kwenye kiganja changu. Nikashindwa.

Kula nimeweza, kuvunja nimeshindwa. Mwanaume gani huyo?

Nikamfunga vijiti juu ya mguu mzima, nikamrudisha kwa kaka. Nikajikausha.

Siku ya sita kuku akachoka na ule upuuzi. Akajikung'uta, vijiti vikadondoka, huyooo uani!

"Amepona!" Baba akapiga kelele. "Filipo, kimbia Makutupora ukamwite bibi!"

Watu wakajaa. Hata shangazi Zipora alikuwepo, anamshangilia kuku wake mwenyewe bila kumjua.

Kabla sijatoka, akaingia askari wa boma, kiboko mkononi.

"Tarishi yuko wapi? Barua zimelala."

"Amekaribia kupona, bwana," baba akasema kwa furaha. "Tazama kuku!" Akamweleza yote, walivyovunjika pamoja, walivyofungwa pamoja.

Askari akacheka. Halafu akaacha kucheka.

"Kumbe. Wameumia sawa, kuku anakimbia, mtu amelala. Basi hapa kuna mwongo. Ama kuku, ama tarishi. Nikimpata, anakula hamsa ishirini."

Viboko ishirini na tano. Nilishamwona mtu aliyepigwa hivyo. Hakukalia makalio yake mwezi mzima.

Kefa akanitazama. Mimi nikatazama chini.

Neno moja tu lingetosha. "Nilimla." Halikutoka.

"Nifungueni," Kefa akasema.

"Mwanangu, bibi alisema asubiriwe," shangazi akamwambia.

"Nimesema nifungueni. Filipo, njoo ufungue wewe."

Nikafungua. Kwa mikono yangu hii.

Akasimama. Hatua ya kwanza akaweza. Ya pili, mguu ukakunjika palepale chini ya goti, kama bua. Ile sauti ninayo masikioni mpaka leo.

Bibi Kuluthumu aliitwa, akaja kesho yake, akakuta baba anamsubiri mlangoni.

"Dawa yako ya uongo! Umenilemazia mtoto!"

"Nani alifungua?" bibi akauliza.

Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu tu kutoka kwake.

Aliufunga ule mguu tena huku anatukanwa. Akarudi kwao Kondoa, na huku kwetu hakuna aliyemwita tena. Mfupa uliunga, lakini umepinda. Goti halikunjiki. Kefa anatembea kwa fimbo.

Miezi ikapita. Siku moja tunakula, nikarudisha tonge sahanini.

"Kaka, yule kuku..."

"Wa shangazi Zipora," akasema, wala hakuinua macho.

"Ulijua?"

"Nimelala naye ubavuni siku nne, Filipo. Yule wa kwanza, nikigeuka naye analalamika. Huyu wa pili hana habari, anakwaruza tu. Unadhani mgonjwa hamjui mgonjwa mwenzake?"

"Sasa ulisimama kwa nini?"

Akaiegemeza fimbo yake ukutani.

"Ulikuwa unatetemeka. Hamsa ishirini usingezimaliza. Nikasema labda mguu utashika."

Basi, hayo ndiyo yangu. Ukifungwa mfupa, kaa mpaka aliyekufunga akufungue mwenyewe, hata wakikuita mvivu, hata wakikuita mwongo. Mfupa hauogopi kelele za watu. Na wewe uliyekosa, sema siku hiyohiyo. Ukichelewa, mwenzako atalipa kwa mwili wake.

Ule mfuko wa barua nauvaa mimi sasa. Askari alininyooshea kidole siku ileile: "Wewe una miguu mizima, keshokutwa bomani." Kila nikirudi kutoka Kibakwe, Kefa ananiuliza kama korongo lina maji, kama ile njia ya juu bado inapitika. Namjibu nikiwa nimegeukia ukutani.

Kondoa kwa Bibi Kuluthumu sijaenda.

Miguu ninayo. Uso ndio sina.