Waliolala Ndani ya Friza

Nilikwenda kituo cha utafiti wa ugonjwa wa malale, Tabora, kuandika habari. Kiu ikanibana, nikafungua friza kutafuta maji.

"Baba, kiu gani hiyo? Humo mna damu za watu!" mtafiti akang'aka. Kiu ikakatika yenyewe.

Mama mmoja wa Usinge, aliyeitwa kusaini ili damu ya marehemu mwanawe iendelee kutunzwa, akasogea, akachungulia moshi wa baridi uliotoka frizani.

"Vijidudu vilivyomuua vimo humu?"

"Vimo, mama. Vimelala. Tukivipasha joto, vinaamka."

Nimetembea nchi nyingi, lakini sijapata kuogopa kabati kama siku ile.

"Mwanangu nimemzika, vyenyewe viko hai?"

"Ndiyo, mama. Tunavitafutia dawa."

Akachukua kalamu, akasaini.

"Mkiipata, viamsheni kwanza, ndipo mviue."