Ng'ombe Kumi na Mmoja wa Mzee Alois

Placide alipotoka Masisi, mashariki mwa Kongo, aliacha nyuma vilima vya kijani, kiwanda kidogo cha jibini na ng'ombe arobaini, kila mmoja na jina lake. Alipofika Arlington, Texas, jambo la kwanza kumuudhi halikuwa joto wala barabara pana. Ilikuwa ile tambarare.

"Inchi yote imelala," alimwambia mkewe, Clothilde, akichungulia dirisha la fleti yao. "Hakuna hata fasi moja ya kupanda. Mutu atajua je kama amefika?"

Clothilde, aliyekuwa amebeba maboksi ghalani kutwa nzima, alimwambia kama ana hamu ya kupanda, kitanda kile pale.

Kazi aliipata kwa Fiona, nesi Mkenya aliyegeuza nyumba yake kuwa makao ya wazee sita. Wafanyakazi walimwita Mama Sheldon, kwa jina la mwanawe, naye akamwita Placide Baba Zoé, kwa jina la binti yake. Alimpa miezi mitatu ya majaribio, aproni moja na onyo moja.

"Kwa chumba cha kulia kuna meza ya Mzee Alois. Pangusa vumbi, lakini usihamishe kitu. Mimi siogopi hata askofu, lakini huyo mzee amenishinda."

Juu ya meza hiyo palikuwa na bonde zima. Milima ya plasta yenye theluji ya pamba, kanisa lenye mnara mwembamba kama penseli iliyochongwa, nyumba za mbao ndogo kuliko viberiti, kijito cha kioo cha buluu, na ng'ombe kumi na mmoja wa mti. Mzee Alois, seremala wa miaka themanini na minne, alikuwa amekijenga upya kijiji alichozaliwa huko Uswisi. Ilimchukua miaka tisa, kwa wembe, gundi na kumbukumbu.

Placide alisimama mlangoni na ndoo mkononi.

"Lakini hapa ni kwetu!" alisema kwa Kiingereza chake cha kuokoteza.

"Hapa ni kwetu sisi," alijibu Mzee Alois bila kugeuka.

"Ni Masisi kabisa. Isipokuwa mtu amemwaga unga mlimani."

Tangu siku hiyo mzee akawa hamwitikii salamu. Placide hakujali. Alikuwa amepata mlima, na kila asubuhi aliupangusa vumbi kwa brashi ya rangi kama mtu anayempaka mtoto mafuta. Kitu kimoja tu kilimnyima raha: ng'ombe. Walikuwa juu kabisa, mpakani mwa theluji, mbali na maji, na ndama mmoja alisimama na miguu ya mbele ukingoni mwa jabali.

"Papa Zoé, ni bangombe ba mti," alisema Clothilde wakila.

"Mti, ndiyo. Lakini iko na miguu. Ule mutoto atagwa."

Jumatatu alimsogeza ndama kidogo tu. Jumanne ndama alikuwa amerudishwa. Jumatano alimteremsha ndama pamoja na mama yake, maana ndama hateremshwi peke yake. Alhamisi wote wawili walikuwa juu, na Mzee Alois ameketi kando ya meza na fimbo mapajani, kama askari wa benki. Ijumaa Placide alingoja mzee aende kuoga, akawapeleka wote kumi na mmoja kijitoni.

Mzee alipotoka bafuni alimpigia simu binti yake, Verena, aliyeishi Pearland, upande wa Houston, na kumwambia kwamba nyumba hii ina mwizi wa mifugo. Verena akasema kesho anakuja kumchukua.

Fiona alimwita Placide jikoni.

"Baba Zoé, nimeshaitwa na familia juu ya dawa, juu ya chakula, hata juu ya paka. Lakini wizi wa ng'ombe?"

"Sikuiba, Mama Sheldon. Niliwapeleka ku maji."

"Ku maji."

"Ndiyo."

"Wakakunywa?"

Placide alitazama viatu vyake.

"Huyo mzee akihama, na wewe unahama. Mtaondoka na gari moja."

Kilichomuuma Placide hakikuwa mshahara. Maghala ya Garland, alikobeba maboksi Clothilde, hayakosi kazi. Lakini maghala ya Garland hayana mlima.

Jumamosi Verena aliingia na masanduku mawili matupu. "Nani anahamisha ng'ombe wa baba yangu?"

"Mimi," alisema Placide. Fiona akafumba macho kama mtu anayeombea chakula.

"Kwa nini?"

"Madame, theluji mimi sijui, lakini ng'ombe najua. Pale juu hakuna maji. Yule mtoto ataanguka. Na huu mwezi wa kumi, baridi inakuja. Mchungaji gani anaacha ng'ombe mlimani mwezi wa kumi?"

Mzee Alois aligonga fimbo sakafuni. "Mpumbavu! Ng'ombe hukaa juu wakati wa joto! Baridi ikianza ndipo wanashuka, na..." Akakatiza. "Umesema mwezi wa ngapi?"

"Wa kumi. Tarehe kumi na moja."

Mzee akageukia dirisha. Nje, jirani alikuwa akikata nyasi kifua wazi, akitiririka jasho. Kiyoyozi kiliunguruma.

"Haiwezekani," alisema.

"Ni kweli, baba," alisema Verena.

"Kila mwaka marehemu mama yako ndiye aliyenikumbusha kuwashusha."

Verena akaweka masanduku chini taratibu.

"Basi wamechelewa wiki tatu," alisema Placide.

"Tatu na nusu," alisema Mzee Alois. "Unangoja nini? Sogea hapa!"

Ng'ombe hawashuki bila maua, mzee akasema. Huko kwao ni aibu. Fiona akaenda chumbani na kurudi na kofia yake ya kanisani, akainyofoa maua ya kitambaa huku akinung'unika kwamba aliinunua kwa ajili ya Pasaka. Mzee aliamuru na Placide akabeba. Waligombana kwenye daraja, wakagombana tena kanisani, lakini juu ya nani atangulie hawakugombana: ng'ombe jike mzee, Uswisi na Masisi sawasawa. Wa mwisho alipofika kijijini, Fiona alipiga vigelegele. Wazee watatu wakapiga makofi. Wa nne akauliza nani anaoa.

Verena aliondoka na masanduku yake matupu.

"Mwezi wa sita watapandishwa tena," Mzee Alois alimwambia Fiona. "Huyu mwizi asiende popote."

Fiona aliitazama kofia yake, akamtazama Placide, kisha akaandika kwenye ratiba ya friji: *Juni. Ng'ombe. Baba Zoé.*

"Wamekufukuza?" Clothilde aliuliza jioni, mlangoni mwa fleti.

"Hapana. Baniachia bangombe kumi na moya."

Jumatatu asubuhi aliingia na brashi yake. Ng'ombe kumi walikuwa bondeni, wametulia. Ndama alikuwa juu, ukingoni mwa jabali, na Mzee Alois alikuwa kitini, macho yamefumbwa, akikoroma kwa sauti kubwa kuliko inavyostahili.