Kabari ya Mninga Chini ya Friji

Enzi zetu, wenzangu mliokunywa maji ya mtungi mkakua, barafu ilikuwa na heshima yake. Haikudondoka kwenye bilauri kwa kubonyeza mlango kama inavyomdondokea mjukuu wangu Lulu, ambaye juzi alinung'unika kwamba vipande vina umbo la mwezi na yeye anataka vya pembe nne. Sisi barafu tuliitumikia. Tuliiwashia moto, tuliichujia maji, tuliipigia deki, na ikipenda ilikuja.

Nyumba yetu ilikuwa Kanyenye, hapa Tabora, na friji yetu ilikuwa ya mafuta ya taa. Baba aliinunua kwenye mnada wa vyombo vya Mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao baada ya uhuru, akaileta kwa mkokoteni huku watoto wa mtaa mzima tukisukuma. Chini ilikuwa na tangi na utambi, nyuma bomba la moshi, ndani kwa juu kisanduku cha barafu chenye trei mbili. Watu wazima walikuja kuona moto unaotengeneza barafu, na wengine waliondoka wakisoma dua.

Baba alifanya kazi kwenye treni za Mpanda, akalala Kaliua mara nyingi kuliko kitandani kwake, kwa hiyo friji ikabaki mikononi mwa mama. Mama alizaliwa kijijini, mbele ya Kaliua. Alisilimu kwa ajili ya ndoa, akaja mjini kuishi katikati ya waungwana waliohesabu mababu zao tangu siku za misafara. Hawakumtukana. Walimwamkia vizuri tu, wakapita. Kwenye harusi alipewa masufuria ya kuosha, kwenye khitma alikaa karibu na mlango. Friji ilipofika, walewale wakaanza kuingia kwetu na kukaa mkekani. Mama hakuwa mjinga, alijua kilichowaingiza.

Ndiyo maana aliitunza kuliko alivyotutunza sisi. Kila Alhamisi alikata ncha ya utambi kwa mkasi, akatoa masizi kwenye bomba kwa brashi aliyoifunga kwenye waya mrefu, kisha akapiga magoti kutazama mwali. Ukiwa wa buluu alitabasamu. Ukiwa wa manjano tulinyamaza nyumba nzima. Kila mwisho wa mwezi alizima moto, akatoa kila kitu, akaingiza beseni la maji ya moto na kufunga mlango ili ule ukoko wa barafu uachie wenyewe. Kisu hakikuruhusiwa kusogea. Ndani alipangusa kwa magadi, trei akazisugua kwa ndimu, maana alisema barafu ina ulimi na huonja sabuni. Maji ya kugandisha yalichemshwa na kuchujwa kwa kitambaa cha marekani, kwa sababu kiangazi maji yetu yalikuwa na rangi ya chai kabla hujatia majani. Siku moja baba alitumbukiza humo migebuka aliyoletewa kutoka Kigoma. Tulikunywa sharubati ya samaki wiki mbili, na baba, mwenye nyumba, alipigwa marufuku kufungua friji yake.

Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa Mzee Kasimu, mtu mwema mwenye sauti iliyomzidi mwili. Alikuja akaitazama friji kwa huzuni, akatueleza kwamba barafu ya nyumba moja ni ubepari, barafu ya nyumba kumi ni ujamaa. Baba aliogopa kuitwa bepari, akakubali kabla kikombe cha chai hakijapoa. Zikaandikwa ratiba mbili, moja ya kuchukua barafu na moja ya kusafisha friji. Ile ya kwanza iliheshimiwa kuliko saa ya stesheni. Ya pili ilibandikwa ukutani ikaliwa na mende, na mama akaendelea kusugua peke yake kwa niaba ya taifa.

Hata hivyo watu walikuwa na adabu zao. Bakuli halikuja tupu wala halikurudi tupu. Aliyefuata barafu alileta karanga, viazi vikavu vya matobolwa au asali kidogo, amefunika kwa kawa. Jirani wa ukuta kwa ukuta, Bi Zaituni, mjane mwenye maneno machache, alileta matobolwa kila mara, na nikiri kwamba kwangu ujamaa ulikuwa na ladha ya viazi vyake.

Mwaka ule Ramadhani iliangukia kwenye joto lile la kabla ya mvua, ambalo hata mbwa hutafuta ukuta wa kuegemea. Siku ya mwisho ya Shaabani mama alinikabidhi ufagio, nikiwa na miaka tisa, akaniambia nisafishe chini ya friji nisiache hata kijiti. Alipenda kusema kwamba usafi wa nusu ni uchafu uliofunikwa. Basi nilitii. Nilichokoa kila kona, na chini ya mguu mmoja wa friji nikachomoa kijiti haswa, kipande cha mninga kilichochongwa kikawa chembamba upande mmoja. Kilikuwa na ukubwa wa kitanda cha mtoto wangu wa gunzi. Nikamlaza juu yake nyuma ya pipa la maji, nikaenda kucheza rede nikiwa nimeridhika na kazi yangu.

Siku ya kwanza ya mfungo, alasiri, mama alifungua friji akakuta trei zina maji ya uvuguvugu. Alitazama mwali, ulikuwa wa buluu. Alisugua bomba, akabadili utambi, akapangusa ndani mara mbili. Sijawahi kumwona mtu akisafisha kitu kilicho safi kwa uchungu namna ile. Magharibi ilipokaribia, mabakuli yakaanza kuingia, na yeye akasimama mlangoni ameshika kanga yake shingoni, hana cha kurudisha. Bi Zaituni ndiye aliyefika wa kwanza. Mama alimpa shikamoo, akamwambia friji imekufa.

Bi Zaituni aliitika marahaba, akavua ndara, akakaa mkekani. "Kwani na mtungi umekufa?" akauliza.

Siku ya tatu fundi wa majiko aliigeuza friji kichwa chini miguu juu, akaiacha hivyo kutwa kucha ili, kwa maelezo yake, ugonjwa ushuke. Mtaa ulikuja kuitazama kama unavyokuja kutazama maiti. Iliposimamishwa ilikuwa vilevile, ila mlango ulianza kulia. Siku ya tano balozi aliitisha kikao, wakajadili kwa urefu, na ikaonekana kwamba friji ile, ikiwa masalia ya mkoloni, imegoma baada ya kugundua inawahudumia wanyonge. Tulipiga makofi. Kiu ilibaki palepale.

Halafu, baada ya siku ya sita, mama aliacha kuhangaika. Hakumwita tena fundi, wala hakulia jikoni akidhani hatusikii. Alizima moto, lakini Alhamisi ilipofika aliisafisha friji kwa utaratibu wake wote, trei kwa ndimu, ndani kwa magadi. Kila magharibi alijaza mtungi, akatandika mkeka, akakaa akitazama mlango.

Bi Zaituni hakukosa hata siku moja. Alikunywa maji ya mtungi, akasema, "Ya leo baridi." Jirani mwenzake akapokea, naye akasema alhamdulillahi, baridi kweli. Nilionja nikidhani nimedanganywa, nikakuta ni maji ya mtungi yaleyale. Katika zile nyumba tisa za majirani, sita ziliendelea kuja na bakuli lililojaa na kuondoka na bakuli la maandazi ya mama. Tatu zilipotea. Nyumba ya balozi ilikuwa mojawapo, nasikia alikuwa bado anaandika taarifa.

Kumi la mwisho la Ramadhani baba akarudi. Alisikiliza habari yote, akajaza maji kwenye sahani akaiweka juu ya friji. Maji yakakimbilia upande mmoja. Friji ya mafuta, alitueleza, ikiinama haigandishi, na sakafu yetu imeinama tangu ijengwe. Akachungulia chini.

"Kabari yangu iko wapi?"

Nilitoka mbio hadi nyuma ya pipa la maji. Mtoto wangu wa gunzi alikuwa amelala vizuri tu, lakini si juu ya mninga. Alikuwa amelazwa juu ya kitambaa cha marekani kilichokunjwa mara nne. Niliporudi ndani, mama alikuwa anafungua pindo la kanga.

"Niliitoa mimi nikifagia," alimwambia baba, akampa kabari.

Kesho yake magharibi barafu ikawepo, na mtu wa kwanza kufika alikuwa Mzee Kasimu na bakuli kubwa kuliko yote. Mama alimpa sawasawa na wengine.

Usiku huo tulipokuwa tunaosha trei nilimwomba msamaha huku nalia. Akaniita mwanangu kwa Kinyamwezi, kama alivyofanya tukiwa wawili tu. "Mwana wane, niliiona siku ya sita chini ya mtoto wako."

Nikamuuliza kwa nini alikaa nayo siku zote zile, watu wakifunga kwenye joto lile. Aliifuta trei ikakauka kwanza.

"Nilitaka kujua wanafuata barafu au wananifuata mimi."

Mama yangu alikuwa mpole, hakuwa malaika. Tangu Idi ile sikumwona tena akikaa karibu na mlango, popote alipoalikwa.

Sasa nina friji yenye kitengeneza barafu ndani yake, hapahapa Tabora, kwenye nyumba yenye geti. Vijana wanaamini inajisafisha. Mimi ndiye ninayeizima, nikamwaga barafu iliyochakaa, nikaosha kisanduku kwa maji ya vuguvugu na magadi, nikabadili chujio taa nyekundu ikiwaka. Lulu hunitazama akaniuliza kwa nini nisinunue nyingine. Miguu ya friji hii ni ya skrubu, haihitaji kabari, na kila nyumba ya mtaa huu ina yake. Hakuna anayemwambia mwenzake maji ya leo baridi.

Mwezi uliopita iligoma. Nilisafisha kila kitu, haikugandisha. Wiki nzima, ikifika magharibi, nilijikuta nimekaa sebuleni nasikiliza geti. Siku ya saba likagongwa. Nilivaa ndara miguu ikipishana, nikaenda mbio na umri huu, nikafungua.

Alikuwa fundi. Nilikuwa nimesahau kwamba nilimwita.