Pikipiki ya Kiti Kimoja

Juzi, dukani Kitengela, niliona pikipiki ya mbio kama ya marehemu baba, zile ambazo viwanda huwauzia watu binafsi wanaoshindana. Harufu ya petroli na oili ikanirudisha nyumbani Isinya, alasiri ile injini ilipokuwa ikinguruma uani.

"Baba, nibebe."

"Hii iko na kiti kimoja tu, mama. Ngoja nikirudi."

Niliamini alikuwa amekikata kiti changu makusudi ili asinibebe. Aliponyoosha mkono aniguse kichwani, kama Wamasai tunavyowaaga watoto wanaotuinamishia kichwa, nilikimbilia jikoni. Alianguka mashindanoni Kajiado, hakurudi.

Leo nina diploma ya injini niliyoisomea ng'ambo kwa jasho langu, na hakuna pikipiki inayonishinda. Najua za mbio zote hutoka kiwandani na kiti kimoja.

Juzi hiyo, muuzaji alinikuta nimeuinamishia usukani kichwa, nikingoja mkono wa baba.