Ufa Kwenye Mpira wa Daktari

Mwaka ule nilikuwa nimebeba mabegi ya wachezaji wa gofu kwa miaka tisa, na kwa miaka sita kati ya hiyo nilikuwa kedi wa mtu mmoja. Alikuwa daktari mpasuaji, mzaliwa wa Tanga aliyehamia Arusha kikazi akiwa kijana na asirudi tena pwani. Serikalini alikwisha kustaafu, lakini hospitali moja ya mjini ilikuwa bado inamwita kila Jumatano kwa kazi ngumu. Alizungumza taratibu na kutembea taratibu, na sikuwahi kumsikia akiulaumu upepo wala majani kwa pigo baya. Mimi aliniita mwanangu, ingawa nilikuwa na miaka thelathini na minne na mtoto wa shule.

Yeye ndiye aliyenifundisha sheria. Alisema kedi asiyejua sheria ni punda tu. Kwa hiyo najua vizuri ni lini mchezaji anaruhusiwa kubadili mpira. Ukimaliza shimo moja, kabla hujaanza jingine, badili upendavyo, hakuna wa kukuuliza. Lakini ukishaupiga mpira mwanzoni mwa shimo, huo ndio wako mpaka utumbukie. Ukipotea, au ukiingia majini usikoweza kuutoa, unaweka mwingine na unajiongezea pigo. Ukikatika au ukipata ufa, unaweka mwingine bila adhabu, ila ufa huo uwe unaonekana kwa macho. Mkwaruzo si ufa. Rangi iliyobanduka si ufa. Kabla ya kuuinua unaweka alama mahali ulipolala, na huruhusiwi kuufuta. Zamani ilikuwa lazima umwite mwenzako ashuhudie. Siku hizi sheria imelegezwa, lakini daktari aliendelea kumwita mwenzake kila mara, kwa sababu hakutaka mtu abaki na shaka.

Mwenzake wa kila Jumapili alikuwa wakili mmoja wa mjini, mtu mnene, mcheshi, aliyependa kushinda.

Ilianza mwezi wa sita, katika ile baridi yetu ambayo wingu hulala juu ya Mlima Meru wiki nzima na watu husahau kwamba kuna mlima. Tulikuwa shimo la nne. Mpira wa daktari ulianguka kwenye majani laini kabisa. Aliusogelea, akainama, akakaa ameinama muda mrefu kuliko kawaida. Kisha akachomeka kijiti kuweka alama, akauinua kwa vidole viwili na kumwita wakili. Alisema umepasuka. Wakili aliugeuzageuza, akanipa jicho la haraka, akasema kama daktari anaona ufa basi na uwe ufa. Nilipopewa mpira ule niutie mfukoni, niliupapasa kwa kucha. Haukuwa hata na mkwaruzo.

Jioni, kwenye chumba nilichopanga Kijenge, niliutoa na kuusogeza dirishani. Niliuzungusha mpaka mwanangu akaniuliza natafuta nini. Mpira ulikuwa mzima kama yai.

Jumapili iliyofuata alibadili mipira miwili. Siku hiyo niliona na jambo jingine, na hilo ndilo lililoniondolea usingizi. Nilimnyooshea mpira juu ya kiganja, kama nilivyofanya maelfu ya mara, naye akapeleka mkono na kuchukua hewa. Vidole vyake vilifunga pembeni ya mkono wangu, upana wa kidole kimoja hivi. Akacheka kidogo, akavirudisha, akaupata. Wakili alikuwa anawasha sigara. Nami sikusema kitu.

Nilikuwa na sababu ya kunyamaza, na sababu yenyewe ilikuwa mama yangu.

Mama anaishi Akheri, kwenye kihamba cha migomba na kahawa alichoachiwa na baba. Alikuwa na rovu shingoni tangu mimi mdogo, na kwetu hilo si ajabu, wanawake wengi wa rika lake wanalo. Lakini miaka miwili ya mwisho rovu lile lilikua mpaka akilala chali pumzi ikawa inapiga mluzi. Alikuwa mwimbaji wa sauti ya kwanza katika kwaya ya usharika, na akaanza kukatika katikati ya ubeti. Hospitali walimwambia apasuliwe, akakataa mara tatu kwa hofu. Nilipomweleza daktari, alipanda mwenyewe mpaka Akheri. Mama alimkaribisha loshoro, mahindi kwa maziwa ya mgando, ndani ya kibuyu; daktari akala bila kuchagua, kisha akamgusa mama shingo polepole huku akimweleza kwamba nyuma ya rovu hupita mshipa mmoja mwembamba kama uzi wa kushonea, na huo ndio unaobeba sauti. Anayepasua asipouona, mgonjwa anapona lakini hasemi tena kama mtu. Akamwahidi kwamba atampasua kwa mkono wake mwenyewe. Mama akakubali kwa ajili yake tu. Siku ikapangwa, Jumatano moja ya mwezi wa saba.

Basi wiki zile nilikuwa nahesabu Jumatano. Najua kulikuwa na Jumatano tatu kabla ya ile ya mama, na najua aliingia chumba cha upasuaji zote tatu. Asubuhi za siku hizo nilikuwa nafua nguo zilizokwisha kufuliwa. Nilijiambia kwamba mimi ni mbeba begi, na macho ya daktari hupimwa na madaktari. Nilijiambia pia kwamba nikisema, mama atakataa mara ya nne, na hapo atakufa kwa kukosa pumzi. Yote mawili yalikuwa kweli, na hakuna lililonituliza.

Jumapili ya mwisho kabla ya siku ya mama, nilifanya kitu kwa makusudi. Mwanzoni mwa shimo la saba nilifungua boksi jipya mbele yake, nikatoa mpira ambao haukuwa umeguswa na mtu. Aliupiga mara moja, pigo zuri, ukaanguka katikati ya majani. Wakili alikuwa amepeleka wake mitini na akaenda kuutafuta. Tulibaki wawili. Daktari aliinama, akachomeka kijiti, akauinua.

Akasema, "Huu nao umepasuka."

Nikasema, "Daktari, huo ni mzima."

"Tazama vizuri, mwanangu. Mstari mweusi, kutoka juu mpaka chini."

"Nimetazama. Naomba ufumbe jicho la kulia."

Sijui nilitoa wapi ujasiri ule. Siku nyingi nilikuwa nimemwona akigeuza kichwa ili kuleta jicho la kushoto mbele, nadhani ndiyo maana. Aliniangalia kama mtu anayeamua akasirike au la. Kisha akafumba la kulia, akautazama mpira. Akalifumbua, akafumba la kushoto, akautazama tena. Alirudia mara nyingine, taratibu, kama anavyopima mgonjwa.

"Umejua tangu lini?"

"Wiki tatu."

"Mimi tangu mwezi wa tano," alisema. "Kwanza ilikuwa mwanga, kama mtu anawasha kiberiti pembeni ya jicho. Nikajiambia ni uchovu. Halafu nikajiambia ni mipira."

Nikamwambia, "Mama yangu ni Jumatano."

Aliurudisha mpira ule ule kwenye alama yake, akachomoa kijiti, akaomba fimbo. Wakili alikuwa anarudi kutoka mitini akipiga mluzi. Tulimaliza mashimo kumi na manane na daktari hakubadili mpira tena, wala hakunitazama usoni. Kwenye maegesho aliniaga kama siku zote, akaingia garini na kuendesha mwenyewe kuelekea nyumbani kwake Engutoto. Nilisimama pale nikilitazama gari mpaka likapinda kona, kwa sababu kwa mara ya kwanza niliwaza nani yuko barabarani mbele yake.

Jumatatu simu yangu haikuita. Nilimpigia mara mbili, haikupokelewa. Jumanne nilipanda Akheri kumchukua mama. Alikuwa amekwisha kufunga kanga zake mbili na kitabu cha nyimbo ndani ya mfuko, amevaa, amekaa mlangoni. Mchungaji alikuwa ameshamwombea. Nilimweleza yote nikiwa nimepiga magoti mbele yake. Aliniacha nimalize.

Kisha akasema, "Unamsema hivyo mtu aliyekula nyumbani kwangu? Kwa ajili ya kampira?"

Nilimsihi tusubiri. Alisema amesubiri miaka miwili, na kama mimi siendi atakwenda na jirani. Nikaenda naye. Hiyo ndiyo sehemu ninayoona aibu kuisema. Nilijua, na bado nilimshika mkono mama yangu mpaka wodini, nikamtandikia kitanda, nikaandika jina langu kama ndugu wa karibu.

Jumatano alfajiri ubaoni palibandikwa orodha ya upasuaji. Jina la mama lilikuwa la kwanza. Mbele yake, kwa mwandiko wa kalamu ya bluu, lilikuwa jina la daktari. Nesi alikuja, akamvua mama hereni, akamvisha gauni la kijani linalofungwa mgongoni. Mama alianza kuimba kwa sauti ya chini, na ule mluzi wa pumzi ukawa unaingia kati ya maneno. Nilitoka nikasimama katikati ya mlango wa wodi. Sikuwa na mpango wowote. Nilijua tu kwamba kitanda kitapita hapo, na kwamba mimi sitatoka.

Daktari alitokea mwisho wa korido. Alikuwa amevaa nguo za kawaida, shati na sweta, na ncha za vidole vyake vya kulia zilikuwa zinatambaa ukutani anapotembea. Nilisema shikamoo, akaitikia marahaba, akanipita kwa ubavu. Alisimama miguuni pa kitanda cha mama.

"Mama, mkono wangu ni mzima, jicho langu si zima. Sitakupasua."

Mama alijiinua kwa kiwiko. Rovu lilikuwa linapanda na kushuka. "Mbona uliniahidi?"

"Niliahidi nikiwa naona," alisema. "Na nilikuwa nimekusudia kuja kukupasua. Nimeamka leo nimeoga, nimeswali, nimefika mpaka getini. Hapo pazia likashuka juu ya jicho, nusu ya mlinzi ikawa haipo."

Sitasahau sauti yake aliposema vile, ilikuwa kavu kama anasoma kipimo cha mtu mwingine. Mama alianza kulia, na nilidhani ni kwa hasira, lakini alinyoosha mkono na kumshika mkono wake. Nesi aliyekuwa mlangoni alikimbia kumwita mganga mkuu. Orodha ilibanduliwa ubaoni.

Siku ile ile walimpeleka daktari Moshi, kwa wataalamu wa macho. Utando wa nyuma ya jicho ulikuwa unabanduka, na ulikuwa umeanza kubanduka miezi miwili kabla. Jicho la kulia halikurudi. La kushoto lilipona, lakini hakushika tena kisu wala fimbo. Nilimtembelea Engutoto mwezi wa kumi. Mkewe alinikaribisha chai ya tangawizi na kutuacha. Sikuthubutu kumuuliza, lakini alijua nilichokuja nacho, akasema mwenyewe. Tangu mwezi wa tano alikuwa amepasua watu kumi na mmoja. Alikuwa amewatafuta wote, mmoja mmoja, na kuomba wakaguliwe upya na mwingine. Wote walikuwa salama.

"Hiyo ni rehema ya Mungu," alisema. "Usije ukamwambia mtu kuwa ni ustadi."

Mama alipasuliwa mwezi wa kumi na moja na daktari mwanamke, kijana kuliko mimi; alimkubali kwa sababu mzee mwenyewe alimwomba. Kwa wiki sita alizungumza kwa mnong'ono, na kila asubuhi nilipopiga simu nilikuwa natega sikio kwa woga kusikia kama uzi ule bado upo. Sauti ilirudi polepole, imeshuka. Sasa anaimba sauti ya pili, na analalamika kwamba wenzake wa sauti ya pili hawafiki mazoezini kwa wakati. Pumzi haipigi mluzi.

Kiwanjani maneno yalikuwa mengi. Makedi wengine walisema nimemmaliza mzee wa watu, na kwa miezi kadhaa hakuna mchezaji aliyeniita. Wa kwanza kuniita alikuwa yule wakili. Nilibeba begi lake asubuhi moja ya Januari, jua kali, mlima uko wazi mpaka kileleni. Alicheza vizuri na alikuwa na furaha. Tulipofika shimo la kumi na moja, akiwa anafuta fimbo yake kwa taulo, aliniambia kwamba na yeye aliona.

Nikamuuliza aliona nini.

"Kwamba mipira ni mizima. Na macho yake, hayo niliyaona tangu mwezi wa tano. Siku moja alikuja kwangu, akaegesha gari lake nusu ya tairi juu ya maua." Akaangalia bendera ya shimo, akapima upepo. "Ila alikuwa hanifungi tena, unajua. Miaka yote ile alikuwa ananifunga. Nikasema acha kwanza."

Alisema hivyo bila ubaya, kama mtu anayekiri kula pande la nyama la mwenzake kwenye sherehe. Halafu akaninyooshea mkono nimpe mpira. Nilimpa. Nilimbebea begi mpaka shimo la kumi na nane, nikaliweka kwenye buti la gari lake, na Jumapili iliyofuata alipoagiza niitwe, nilisema nina begi la mtu mwingine, ingawa sikuwa nalo.